Nani Atahesabu Makombora Sasa?

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu, simu na tarakilishi, na leo nimewaletea makombora ya nyuklia. Vumilieni kidogo, mtaona kwamba hatujatoka mbali na kazi yetu. Leo tutazungumza juu ya hifadhidata, ruhusa za faili, sahihi za kidijitali, na data ya mazoezi iliyoingia mahali isipotakiwa. Tofauti ni moja tu: mfumo huu ukikosea vibaya, hakutabaki mtu wa kuuzima na kuuwasha upya.

Tarehe 5 Februari 2026 mkataba wa New START ulifika mwisho. Huo ndio uliokuwa mkataba wa mwisho uliozifunga Marekani na Urusi kwa idadi ya silaha zao kubwa za nyuklia. Ulitiwa saini mjini Prague tarehe 8 Aprili 2010 na Barack Obama na Dmitry Medvedev, ukaanza kufanya kazi tarehe 5 Februari 2011, na mwaka 2021 ukaongezewa miaka mitano. Maandishi yake hayakuruhusu zaidi ya hiyo mitano. Sasa umekwisha.

Swali langu si la kisiasa, ni la mtu wa programu. Daftari la pamoja likifungwa, pande mbili zisizoaminiana zitapata wapi habari za kila mmoja? Jibu ni kwamba zitaiba. Zilikuwa zikiiba hata wakati daftari lilikuwa wazi, lakini wizi ukibaki peke yake ni jambo jingine kabisa, na ndilo ninalotaka tulitazame.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika programu zinazolinganisha rekodi za pande mbili: duka lasema limelipa, benki yasema haijaona kitu, na programu inatafuta ni muamala upi uliopotea katikati. Kwa hiyo nilipoanza kusoma jinsi mkataba huu ulivyokuwa ukitekelezwa, nilicheka peke yangu. Hawa watu walikuwa wamejenga mfumo wa kulinganisha hesabu!

Kila upande uliruhusiwa vichwa 1,550 vya nyuklia vilivyo tayari, na makombora na ndege 700 za kuvibeba. Kila kombora na kila ndege ya kubeba mabomu mazito ilipewa namba yake ya utambulisho, isiyofanana na nyingine yoyote. Sisi tungeiita ufunguo wa jedwali. Mara mbili kwa mwaka pande zote zilipeana hifadhidata nzima: kitu gani kiko kituo gani, vingapi viko tayari, vingapi viko ghalani. Katikati ya hapo, kombora likihamishwa au likiharibiwa, taarifa ilitumwa kwa mtindo uliokubaliwa, kila kipengele mahali pake, ili upande wa pili usasishe rekodi zake. Hadi mwanzoni mwa 2023 taarifa za namna hiyo zilikuwa zimepita 25,000.

Halafu palikuwa na ukaguzi, hadi mara 18 kwa mwaka kwa kila upande. Wakaguzi wanafika kituoni, wanaambiwa kombora hili lina vichwa kadhaa, nao wanachagua moja la kufunguliwa. Vichwa vyenyewe hufunikwa ili siri ya umbo lake isionekane, lakini mkaguzi anaweza kuhesabu: kimoja, viwili, vitatu. Idadi ikilingana na rekodi, anatia saini na kurudi kwao. Ukaguzi wa namna hiyo ulifanyika mara 328 kabla ya kusimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona. Haukuanza tena. Februari 2023 Vladimir Putin alitangaza kwamba Urusi inasitisha kushiriki katika mkataba, na hifadhidata zikaacha kubadilishwa.

Kwa hiyo daftari lilikuwa limeacha kuandikwa miaka mitatu kabla ya kufungwa rasmi. Anayedhani mambo yalibadilika siku moja tu mwezi Februari hajasoma tarehe vizuri.

RUHUSA YA KUSOMA TU

Kabla ya wakaguzi palikuwa na satelaiti. Mwaka 1972 Richard Nixon na Leonid Brezhnev walitia saini mjini Moscow makubaliano ya kwanza ya kupunguza kasi ya mashindano ya silaha. Humo mna kifungu ambacho mimi nakiona kama moja ya mambo ya ajabu kuwahi kuandikwa na wanasheria. Kinasema kila upande utatumia njia zake wenyewe za kiufundi kuhakikisha mwenzake anatimiza ahadi, na kwamba hakuna atakayezivuruga njia hizo wala kuficha mambo makusudi ili zisione. Neno satelaiti halimo. Kila mtu alijua maana yake, lakini Marekani yenyewe haikukiri hadharani kwamba ina satelaiti za kupiga picha za kijasusi hadi Rais Carter aliposema hivyo mwaka 1978.

Hebu tafakari. Maadui wawili walikubaliana kwa maandishi kwamba ujasusi wa aina fulani ni halali, na zaidi ya hapo ni wajibu kuuachia njia. Walifika mbali. Ndege za B-52 zilizopaswa kuharibiwa zilikatwakatwa kwa kisu kikubwa kule jangwani Arizona, vipande vikaachwa juani siku 90 ili satelaiti za upande wa pili zipite na kujionea. Na mkataba wa START wa mwaka 1991 ulipiga marufuku kusimba data ambayo kombora hutuma wakati wa majaribio. Sisi tunaofundishwa kwamba kila kitu kisimbwe, hebu tulisome hilo mara mbili: mkataba wa kimataifa uliokataza usimbaji, kwa sababu usalama wa wote ulihitaji kila mmoja asomeke.

Kwa nini hilo liliwezekana? Nimelifikiria sana na jibu langu ni rahisi. Satelaiti ina ruhusa ya kusoma tu. Iko juu kilomita mamia, inapiga picha, inaondoka. Haiwezi kufungua mfuniko wa kombora, haiwezi kukata waya, haiwezi kubadilisha namba kwenye karatasi ya mkuu wa kituo. Hata ukichukia kutazamwa, unajua kwamba anayekutazama hawezi kukugusa.

Basi shikilieni hilo, tuje kwenye tarakilishi.

SENTI 75

Mwaka 1986 katika maabara ya Lawrence Berkeley, California, mtaalamu wa nyota aitwaye Clifford Stoll alihamishiwa kazi ya kusimamia tarakilishi. Wakati ule muda wa kutumia tarakilishi ulilipiwa, na hesabu za mwezi zilikuwa na upungufu wa senti 75. Wakubwa wake wakamwambia atafute kosa. Wengi wangesema senti 75 ni kitu gani, lakini yeye alifuata.

Alichokuta ni mtu aliyetumia mashine bila kulipiwa na mtu yeyote. Mgeni huyo alikuwa ametumia udhaifu katika programu ya Emacs kujipa mamlaka ya msimamizi mkuu. Kutoka Berkeley alijaribu kuingia katika tarakilishi zipatazo 450, nyingi za jeshi, na akafaulu katika kama 30. Stoll hakumfungia mlango. Alifunga mashine za kuchapa kwenye nyaya za simu, kila herufi aliyoibonyeza mgeni ikachapwa kwenye karatasi, mahali ambapo mdukuzi hawezi kuiona wala kuifuta. Maneno aliyokuwa akiyatafuta yalijirudia: nyuklia, na SDI, yaani mpango wa Rais Reagan wa kujenga kinga ya kuyatungua makombora angani, ambao watu waliupa jina la utani la Vita vya Nyota.

Sasa tazama kalenda. Tarehe 11 na 12 Oktoba 1986, Reagan na Mikhail Gorbachev walikutana Reykjavik, Iceland, na walikaribia kukubaliana kufuta silaha kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Mazungumzo yakavunjikia hapo hapo kwenye SDI: Gorbachev alitaka majaribio yake yabaki ndani ya maabara kwa miaka kumi, Reagan akakataa. Na wakati viongozi wanabishana juu ya mpango huo mezani, mtu alikuwa ndani ya tarakilishi za Marekani akitafuta neno hilo hilo.

Ili kumkamata, Stoll alitunga ofisi ya uwongo ya SDI na kuijaza mafaili ya kubuni, marefu, ya kuchosha. Mgeni akakaa kwenye laini kuyasoma kwa muda wa kutosha simu kufuatiliwa hadi Hannover, Ujerumani Magharibi. Alikuwa ni Markus Hess, aliyeshirikiana na wenzake kuuza walichopata kwa KGB. Mwaka 1990 mahakama ilimpata na hatia ya ujasusi, ingawa kifungo chenyewe kiliahirishwa.

Katika kisa hiki chote kuna jambo dogo ambalo ndilo kiini cha hoja yangu. Ili asome, Hess ilimbidi kwanza awe msimamizi mkuu. Na msimamizi mkuu hasomi tu. Anaweza kufuta, kubadilisha, kupanda programu nyingine ndani. Stoll aliyekuwa akimtazama hakuweza kujua kwa kuangalia tu kama huyu amekuja kusoma au kuharibu. Ndiyo maana alikaa usiku kucha karibu na mashine zake, tayari kukata waya.

ANAYESOMA ANAWEZA PIA KUANDIKA

Ukichukua somo hilo la senti 75 ukalipeleka mbele miaka 24, unakutana na Stuxnet. Mwaka 2010 ilijulikana kwamba programu fulani ilikuwa imeingia katika kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz, Iran, ikashika vifaa vya Siemens vinavyoendesha mitambo ya kuzunguka kwa kasi, na kuifanya mitambo hiyo ijiharibu yenyewe. Marekani na Israeli hutajwa sana kuwa ndizo zilizoitengeneza. Hazijawahi kukiri rasmi. Lakini kilichonitisha mimi ni kitu kingine. Programu ile ilirekodi kwanza vipimo vya siku za kawaida, kisha wakati wa kuharibu ikawaonyesha waendeshaji vipimo vile vya zamani. Mtambo unaumia, na skrini inasema kila kitu ni shwari.

Fikiria maana yake kwa mambo ya ukaguzi. Kazi yote ya kudhibiti silaha inategemea kwamba kipimo hakisemi uwongo. Ukishajua kwamba kipimo kinaweza kufundishwa kudanganya, kila kipimo kinaanza kutiliwa shaka.

Desemba 2020 likaja la SolarWinds. Kampuni hiyo ya Texas ilikuwa ikiuza programu ya kusimamia mitandao, na wadukuzi waliingiza msimbo wao ndani ya masasisho rasmi ya kampuni, yakiwa na sahihi halali ya kidijitali. Wateja wapatao 18,000 waliyapokea. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ilikuwa imetoka dukani na risiti yake. Miongoni mwa walioathirika ni Wizara ya Nishati ya Marekani, pamoja na idara yake inayotunza akiba ya silaha za nyuklia. Wizara ilisema waliofikiwa ni mitandao ya kiofisi tu. Aprili 2021 serikali ya Marekani iliitaja rasmi SVR, shirika la ujasusi wa nje la Urusi, Urusi ikakanusha. Julai 2025 idara hiyo hiyo iliguswa tena kupitia udhaifu wa programu ya SharePoint, na Microsoft ikataja makundi yenye uhusiano na China. Wizara ilisema ni mifumo michache sana. China nayo ilikanusha.

Msidhani ni Urusi na China tu. Mwaka 2014 magazeti, yakitumia nyaraka za Edward Snowden, yaliripoti kwamba NSA ya Marekani ilikuwa imeingia katika seva za Huawei. Kila mwenye uwezo anafanya. Anayelalamika leo ndiye aliyekuwa akichungulia jana.

Lakini tofauti na satelaiti haijaondoka. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kwamba kundi iliyoliita Volt Typhoon limejificha katika mitandao ya huduma muhimu za Marekani, ikiwa ni pamoja na kisiwa cha Guam penye kambi kubwa za jeshi. Februari 2024 mashirika ya usalama ya Marekani yakasema kwamba katika baadhi ya mitandao wageni hao walikaa angalau miaka mitano, na kwamba walionekana wanajipanga kuharibu siku ya mgogoro, wala si kukusanya habari tu. China ilikana pia. Sasa wewe ukiwa msimamizi wa mtandao huo, umemkuta mtu ndani. Anasoma? Anasubiri? Kumbukumbu za seva haziwezi kukujibu, kwa sababu nia haiandikwi kwenye kumbukumbu za seva.

SENTI 46

Labda mtaniambia, lakini mifumo ya kurusha makombora imetengwa, haiko kwenye intaneti. Sawa. Natanz nayo ilikuwa imetengwa. Ila tuseme hata hakuna mdukuzi kabisa, tuone mifumo hii ilivyojiendesha yenyewe.

Tarehe 9 Novemba 1979, skrini za kituo cha Marekani cha kulinda anga, NORAD, zilionyesha shambulio kubwa la Wasovieti. Kumbe data ya mazoezi ilikuwa imeingia kwenye mfumo halisi. Nani kati yetu hajaota ndoto hiyo mbaya? Miezi saba baadaye, tarehe 3 Juni 1980, tahadhari nyingine. Mfumo ulikuwa ukituma ujumbe wa majaribio muda wote, na mahali pa idadi ya makombora uliandika sufuri. Kijisehemu kimoja cha kielektroniki chenye thamani ya senti 46 kikaharibika, na baadhi ya sufuri zikageuka 2. Makombora 2, kisha 220, kisha 2,200. Mwaka 1983 ilikuwa zamu ya upande wa pili: Stanislav Petrov, afisa wa Kisovieti, aliona mfumo wake ukitangaza makombora matano kutoka Marekani, akaamua ni kosa la mashine. Alikuwa sahihi, ilikuwa mwanga wa jua uliogonga mawingu.

Mara zote hizo watu waliokolewa na imani moja: kwamba mashine inaweza kukosea bila mtu kuwa na nia mbaya. Sasa ongeza mdukuzi. Afisa wa zamu anaona skrini ikizimika wakati wa mvutano mkubwa, na jana yake aliambiwa kwamba wageni wamekutwa ndani ya mtandao. Je, ni kijisehemu cha senti 46? Ni jasusi aliyevunja kitu bahati mbaya wakati akisoma? Au ni mwanzo wa shambulio, wamemfumba macho kwanza? Ana dakika chache za kuamua. Hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa, kuliko ile ya kwenye sinema ambapo kijana mmoja anabonyeza kitufe kutoka chumbani kwake. Vita vinaweza kuanzishwa na mtu aliyekuja kusoma tu, kwa sababu aliyemkuta hakuweza kujua.

Na hapa ndipo mambo mawili yanapokutana. Kadiri ukaguzi unavyopungua, ndivyo njaa ya habari inavyoongezeka. Zamani mkuu wa majeshi akitaka kujua kombora lile lina vichwa vingapi, alituma mkaguzi. Sasa atamtuma mdukuzi. Tumeondoa njia ya kusoma isiyogusa, tukabaki na ile inayogusa.

SIMU YA KUULIZANA

Kuna kitu kimoja kilichojengwa kwa ajili ya hilo, na kinanipa moyo. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 Washington na Moscow zina vituo viwili vya kupunguza hatari ya nyuklia, vinavyofanya kazi usiku na mchana. Ndivyo vilivyokuwa vikipokea zile taarifa za makombora. Juni 2013 Obama na Putin walikubaliana kwamba vituo hivyo vitumike pia kwa mambo ya mtandaoni: upande mmoja ukiona shambulio linalotoka kwa mwenzake, uulize kwanza. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba mwishoni mwa Oktoba 2016 Washington iliitumia njia hiyo kuionya Moscow juu ya udukuzi wa uchaguzi.

Ni kitu kidogo, najua. Lakini tazama pia kwamba udukuzi wa SolarWinds uligunduliwa Desemba 2020, na mwanzoni mwa Februari 2021 nchi hizo hizo ziliuongeza mkataba wa New START. Walikuwa wamekasirikiana, na bado walihesabu. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba kwanza lazima waaminiane. Daftari halijengwi na wanaoaminiana. Ndugu wakiaminiana kabisa, hawana haja ya risiti.

Na China je? Kwa makadirio ya taasisi ya SIPRI, Januari 2025 Urusi ilikuwa na vichwa 5,459, Marekani 5,177 na China 600. China imekuwa ikisema wenye maelfu wapunguze kwanza. Hoja hiyo ina mantiki, lakini wao wana akiba inayokua na hawajawahi kufungua daftari lolote la namna hii, kwa hiyo kuichungulia kutaendelea kufanywa kwa njia za giza.

HESABU BILA KUFICHUA

Sasa sehemu ninayoipenda. Kizuizi kikubwa cha kuhesabu vichwa vyenyewe, si makombora tu, ni kwamba kukionyesha kichwa ni kufichua siri ya jinsi kilivyotengenezwa. Mwaka 2014 Alexander Glaser, Boaz Barak na Robert Goldston walichapisha katika jarida la Nature njia iliyotoka moja kwa moja kwenye sayansi ya tarakilishi. Nitaieleza kwa maharagwe.

Una mikebe miwili iliyofungwa. Unasema ina punje sawa, lakini hutaki nijue ni ngapi. Tuseme ni 40. Unaandaa mifuko miwili, kila mmoja na punje 60, nayo hunionyeshi. Mimi nachagua bila mpango mfuko upi uende kwenye mkebe upi. Tunamimina, tunahesabu: 100 na 100. Nimejua kwamba mikebe ilikuwa sawa, na sijajua 40 wala 60. Kama ungekuwa umedanganya, ukaweka 40 na 35, na mifuko ya 60 na 65 ili kufidia, mimi kwa kuchagua ovyo ningekukamata nusu ya mara. Turudie mara kumi, uwezekano wa kuponyoka kila mara ni 1 kati ya 1,024.

Wao badala ya maharagwe walipendekeza nyutroni. Kifaa kinapakiwa kabla kinyume cha picha ya kichwa halisi, na ukikipitishia nyutroni kichwa cha kweli, picha inatoka tupu, sawia kila mahali. Ikitoka na umbo lolote, kuna udanganyifu. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwa vitu visivyo silaha. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba picha yenyewe haina siri. Hata mdukuzi akiiiba, ameiba ukurasa mweupe.

Na tusidhani mambo haya ni ya mbali mno. Hapa kwetu, Kilimambogo karibu na Thika, kuna kituo cha kupima mitetemo ya ardhi, na Nairobi kuna kingine cha kusikiliza sauti nzito zisizosikika na sikio. Vyote viko kwenye mtandao wa dunia wa kugundua majaribio ya nyuklia, wenye vituo 321 na maabara 16. Data ya vituo vya mtandao huo hutiwa sahihi ya kidijitali, ikatumwa Vienna, na kila nchi mwanachama inaweza kuipata. Mtandao huo uligundua majaribio yote sita ya Korea Kaskazini kati ya 2006 na 2017. Kenya iliuridhia mkataba wake mwaka 2000. Marekani na China zilitia saini mwaka 1996 lakini hazijauridhia, na Urusi iliondoa uridhiaji wake mwaka 2023. Kwa hiyo mkataba haujaanza kufanya kazi rasmi, lakini vipimo vinasoma, na sahihi zinahakikiwa.

Kwangu mimi, kituo cha Kilimambogo ndicho kinyume cha mdukuzi. Kinasoma tu, kinatia sahihi kilichosoma, na kinampa kila mtu nakala. Wakubwa wanaweza kuendelea kuchunguliana, hatuna uwezo wa kuwazuia. Wanachoweza kukubaliana hata leo, bila mkataba mpya, ni vitu vitatu: mitandao ya amri na tahadhari ya nyuklia isiguswe na jasusi yeyote kwa sababu yoyote, simu ya kuulizana isikatwe, na China iwe na yake, na taarifa za makombora ziendelee kutumwa hata kama hakuna sheria inayozidai. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sisi waandika programu pia tuna la kufanya. Kila tunapotoa sasisho, tunatia sahihi kitu ambacho mtu mwingine atakiamini bila kukitazama. SolarWinds ilikuwa programu ya kawaida ya ofisi, iliyoandikwa na watu wa kawaida kama sisi. Njia ya kufika kwenye mtandao wa watunza silaha za nyuklia ilipita mezani kwao.

Kwa leo naishia hapo. Juma lijalo, Mungu akipenda, turudi kwenye hifadhidata za kawaida, zile ambazo zikiharibika tunarudisha nakala ya jana na maisha yanaendelea.